Doctor Who: Gamba limevuliwa kabla mkataba haujasainiwa

Jumamosi ya Mei 31, 2025, Ncuti Gatwa, mwigizaji wa Daktari katika tamthilia ya BBC ya Doctor Who, alifungua mlango wa kile kibanda cha bluu, akaitazama nyota moja angani, mwili wake ukawaka rangi ya dhahabu, na mwanga ulipotulia alikuwa amesimama mtu mwingine ndani ya nguo zake: Billie Piper, yule yule tuliyemjua kama Rose Tyler, msafiri mwenza wa Daktari, tangu 2005. Akatabasamu, akasalimia, majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Tangu siku hiyo kipande hicho kifupi kimesomwa kama hukumu. Wapo waliosema Daktari mweusi ameondolewa kwa sababu watazamaji walimkataa. Wapo waliosema ameondolewa kwa sababu BBC haikuwa na moyo wa kumtetea. Na Oktoba 2025, BBC ilipotangaza kwamba Disney+, huduma ya Marekani ya filamu za mtandaoni, haitaendelea na ubia wao, likaja kundi la tatu likiwa limeshabeba jeneza: Doctor Who imekufa, wenyewe hawataki kusema tu. Kwa maoni yangu makundi yote matatu yanakosea mahali pamoja. Yanatafuta uamuzi katika sehemu ambayo iliandikwa na watu ambao uamuzi wenyewe walikuwa bado hawajaambiwa. "The Reality War", sehemu ya mwisho ya msimu ule, ni kiraka. Imeshonwa na fundi hodari, lakini ni kiraka, na ukiitazama hivyo mengi yaliyoonekana ya ajabu ndani yake yanaeleweka.

Kwa msomaji ambaye hakuifuata tamthilia hii, nirudi nyuma kidogo. Doctor Who ilianza kuonyeshwa na BBC Novemba 23, 1963, siku moja baada ya kuuawa kwa Rais Kennedy wa Marekani. Mtayarishaji wake wa kwanza alikuwa mwanamke kijana, Verity Lambert, na mwongozaji wa sehemu za mwanzo alikuwa Waris Hussein, mzaliwa wa India. (Wanaolalamika kwamba watu wa kila aina wameingizwa humo juzi wangeanza kusoma kutoka hapo.) Mhusika mkuu ni Daktari, msafiri kutoka sayari nyingine anayekatiza nyakati kwa chombo chenye sura ya kibanda cha polisi wa Uingereza. Mwaka 1966 William Hartnell, Daktari wa kwanza, alishindwa kuendelea kwa sababu ya afya. Watayarishaji hawakutaka kuiua tamthilia iliyokuwa ikipendwa, wakabuni kwamba Daktari akikaribia kufa hujigeuza mwili mzima: sura mpya, tabia mpya, kumbukumbu zile zile. Nitaliita jambo hilo kujivua gamba. Watanzania wanalikumbuka neno hilo kwa siasa za 2011, ila mimi nalitumia kwa maana ya nyoka.

Kwa hiyo kujivua gamba kulizaliwa kutokana na tatizo la ofisini, kisha kukapewa heshima ya hadithi. Hilo si la kuonea aibu. Tofauti ni kwamba mwaka 1966 waliomtoa Hartnell walikuwa wameshampata Patrick Troughton na walijua msimu unaofuata upo. Walioshona kiraka vibaya zaidi walikuwa wale wa 1987. Colin Baker, Daktari wa wakati huo, alikuwa ameachishwa kazi, akakataa kurudi kwa ajili ya kuondolewa tu, ikabidi mrithi wake, Sylvester McCoy, avalishwe wigi la nywele za mwenzake na kulazwa kifudifudi sakafuni ili mabadiliko yafanyike bila mwenye sura kuwepo. Adui katika hadithi hiyo alikuwa Rani, mwanasayansi katili wa jamii ya Mabwana wa Wakati. Miaka 38 baadaye, katika mwisho wa msimu wa Gatwa, adui ni Rani tena. Sidhani kama Russell T Davies, mwandishi mkuu wa tamthilia, alikusudia ulinganisho huo, lakini mimi niliucheka peke yangu.

Sasa tuje kwenye fedha, maana ndiko mzizi uliko. BBC huishi kwa ada ya leseni ya televisheni inayolipwa na kaya za Uingereza. Serikali iliigandisha ada hiyo kwenye pauni 159 kwa miaka miwili, 2022 na 2023, huku bei za kila kitu zikipanda. Hata ilipofika pauni 174.50 Aprili 2025, pengo lilikuwa limeshachimbika. Tamthilia ya sayari, majini ya kompyuta na miji inayoporomoka haitengenezwi kwa fedha hizo tena, hasa pale mtazamaji anapoilinganisha na kazi za Marekani anazoziona kwenye simu hiyo hiyo. Ndipo Oktoba 2022 ukatangazwa ubia: BBC ibaki na Uingereza na Ireland, Disney+ ipate nchi nyingine, na gharama zigawanywe. Matunda yake yalikuwa sehemu 26: tatu za David Tennant, Daktari wa zamani aliyerudi kwa maadhimisho ya miaka 60, mbili za Krismasi, misimu miwili ya Gatwa yenye sehemu nane nane, na tano za tamthilia tanzu, "The War Between the Land and the Sea". Kuhusu msimu wa tatu, BBC ilirudia mara kadhaa hadharani kwamba uamuzi ungetolewa baada ya msimu wa pili kuonyeshwa. Soma sentensi hiyo tena ukiwa umevaa viatu vya mwandishi. Anatakiwa kufunga hadithi bila kujua kama anafunga mlango au anauegesha.

Mwandishi aliye katika hali hiyo ana njia mbili. Anaweza kumaliza kabisa, na mkataba ukija baadaye atafute pa kuanzia. Au anaweza kuacha nyuzi zikining'inia, akitumaini kwamba mtu atazivuta. Davies alifanya yote mawili kwa pamoja, na hapo ndipo sehemu ile inapolegea. Chukua suala la Susan, mjukuu wa Daktari. Carole Ann Ford, aliyeicheza nafasi hiyo mwaka 1963, alirudishwa kwenye skrini katika sehemu za karibu na mwisho, akamtokea Daktari kama maono. Mara ya mwisho Susan alikuwa ameonekana katika tamthilia hii mwaka 1983, kwa hiyo mashabiki walingoja zaidi ya miaka 40 kwa hilo. Kisha sehemu ya mwisho ikafika, ikapita zaidi ya saa moja, na Susan hakutajwa kwa maana yoyote. Huyo hawezi kuwa amesahaulika. Mtu hamwiti bibi wa miaka 80 na ushee kutoka nyumbani kwake, amvalishe, ampige picha, halafu amsahau. Uzi huo ulitungwa kwa ajili ya msimu ambao haukuja. Au tazama majina ya mwisho. Desturi tangu 2005 ni kumtambulisha mwigizaji mpya na kusema anacheza nani. Safari hii yaliandikwa maneno ya kumtambulisha Billie Piper, yakaishia hapo bila neno "Daktari". Davies mwenyewe alisema kuwa namna alivyorudi na sababu ya kurudi kwake ni hadithi ambayo bado haijasimuliwa. Hadithi inaposimama mlangoni mguu mmoja ndani mmoja nje, jua kuna mtu anasubiri kupigiwa simu.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo yenye kelele nyingi, ni ile isemayo kwamba watazamaji walikimbia kwa sababu Daktari alikuwa mweusi, akacheza, akalia, akapenda wanaume, na kwamba Disney imejitoa kwa kuchoshwa na hayo. Wanaosema hivyo wanapenda takwimu, basi twende nazo. Krismasi ya 2007, enzi za Tennant, zaidi ya watu milioni 13 Uingereza waliitazama tamthilia hii. Miaka kumi baadaye, mwisho wa kipindi cha Peter Capaldi, mzungu, mwanamume, mtu mzima mwenye mvi zake, idadi ilikuwa imeshuka sana. Jodie Whittaker, mwanamke wa kwanza, alifungua 2018 na watazamaji karibu milioni 11, yaani "siasa" hiyo iliwavuta watu. Ilipofika 2021 alikuwa amebaki na karibu nusu yao. Mteremko ulianza muda mrefu kabla Gatwa, kijana wa Kigali, hajapanda jukwaani, na umezikumba tamthilia nyingi za Uingereza ambazo hazina Daktari wala mweusi. Watu wameacha kukaa sebuleni saa moja jioni ya Jumamosi. Hata zile milioni 16 za 1979, ambazo wazee wa tamthilia hii hujivunia, zilipatikana wakati chaneli shindani ya ITV ikiwa kwenye mgomo. Watu hawakuwa na kwingine pa kutazama.

Hoja ya upande wa pili, kwamba BBC haikuwa na moyo wa kumtetea, nina huruma nayo zaidi, kwa hiyo inastahili kupimwa taratibu. Gatwa alizaliwa Rwanda mwaka 1992. Familia yake ilikimbia mauaji ya kimbari ya 1994, akakulia Uskoti. Alipotangazwa Mei 2022 kwamba ndiye Daktari, yeye hakuwa mweusi wa kwanza kabisa kuivaa nafasi hiyo, kwani Jo Martin alimtangulia 2020 kama Daktari mtoro asiyejulikana, lakini alikuwa wa kwanza kuibeba tamthilia yenyewe mabegani. Na sehemu mbili bora za kipindi chake ndizo zilizothubutu kulitumia hilo. Katika "Dot and Bubble" ya 2024, vijana matajiri wanaokabiliwa na kifo wanakataa kuokolewa na Daktari. Mtazamaji anajiuliza kwa nini mpaka dakika za mwisho anapogundua kwamba nyuso zote za vijana wale zilikuwa nyeupe, na kwamba hata yeye hakuliona. Katika "The Story & the Engine" ya Mei 2025, iliyoandikwa na Inua Ellams mzaliwa wa Nigeria, Daktari anaingia kinyozi cha Lagos na kukaa kama mtu aliyefika kwao, na vinyozi na wateja wanapigania uhai wao kwa kusimulia hadithi. Mtu aliyekulia karibu na kinyozi cha mtaani anajua kwamba huko hadithi ni nusu ya huduma. Ukiwa na mwigizaji anayeweza kukupa hayo, halafu ukampa misimu miwili mifupi tu wakati Tennant, Matt Smith, Capaldi na Whittaker kila mmoja alipata mitatu, watu wana haki ya kuuliza.

Lakini kuuliza ni kitu kimoja, na jibu lililokuja haraka ni kingine. Hesabu zenyewe zinaonyesha kwamba kilichomminya Gatwa kilikuwa ratiba na kalamu ya mhasibu. Msimu wa 2005 ulikuwa na sehemu 13. Wake ulikuwa na nane. Katika sehemu mbili za msimu wake wa kwanza alionekana kidogo tu kwa sababu alikuwa bado anamalizia kazi nyingine ya Netflix. Msimu wa tatu haukuwepo mezani, na mwigizaji wa umri wake, aliyekuwa akiitwa na majukwaa makubwa ya London, angekaa nyumbani miaka mingapi akingoja? Mwenyewe amesema kazi ile iliuchosha mwili wake. Christopher Eccleston aliondoka 2005 baada ya msimu mmoja tu, na hakuna aliyesema BBC inawachukia wazungu wa kaskazini mwa Uingereza. Anayetaka kuishitaki BBC aishitaki kwa hili: ilimpa Gatwa nafasi ya kihistoria bila kumhakikishia muda wa kuikalia. Kosa hilo ni zito kiasi cha kutosha, halihitaji kuongezewa chumvi.

Kuna hoja ya nne ambayo haina uhusiano na rangi wala mikataba, nayo ndiyo inayoniumiza kama mtazamaji. Inahusu Belinda Chandra, muuguzi wa London aliyechezwa na Varada Sethu. Msimu mzima Belinda alitaka jambo moja: kurudi nyumbani, tarehe 24 Mei 2025, awahi zamu yake. Alikuwa msafiri wa kwanza baada ya muda mrefu kumwambia Daktari usoni kwamba hatari zake hazimpendezi. Kisha inakuja dunia ya kubuniwa ambamo yeye na Daktari ni mke na mume wenye binti, Poppy. Dunia ile inavunjwa, Rani anamezwa na Omega, adui mwingine wa kale, Omega anarudishwa alikotoka kwa urahisi unaokera, na mtoto anatoweka kwenye kumbukumbu za kila mtu isipokuwa Ruby Sunday, msafiri mwenza wa awali. Daktari anatoa uhai wake kuusogeza ulimwengu kidogo tu ili Poppy awepo. Anafaulu, ila sasa Poppy ni binti wa Belinda na mwanamume mwingine, na kila mara Belinda alipokuwa akisema anataka kurudi nyumbani, tunaambiwa, alikuwa akimlilia mtoto wake. Wapo waliodhihaki kwamba Daktari amekufa kwa ajili ya mtoto mmoja tu. Hao hawaijui tamthilia. Mwaka 1984 Daktari wa Peter Davison alikufa kwa ajili ya Peri, msafiri mwenzake. Eccleston kwa ajili ya Rose. Tennant, siku ya mwaka mpya wa 2010, kwa ajili ya mzee Wilfred. Kufa kwa ajili ya mmoja ndiyo desturi yake, na ndiyo sehemu ya kiraka iliyoshonwa kwa uzi mzuri. Kilichoharibika ni Belinda. Mwanamke mwenye kazi yake na hasira zake alibadilishwa nyuma ya mgongo wake kuwa mama, bila kuulizwa, katika hadithi ambayo wiki moja tu kabla ilikuwa imelaani mwanamume anayebuni dunia ambamo wanawake wote ni mama wa nyumbani. Hilo si Disney. Hilo ni la Davies mwenyewe, na hakuna mkataba wa kumfichia.

Ingawa hata hapo ufupi wa msimu ulichangia. Katika sehemu 13, mbili za mwisho ni kilele. Katika sehemu nane, mbili ni robo ya msimu mzima, na robo hiyo ikatakiwa kumrudisha Rani, kumrudisha Omega, kumrudisha Whittaker kwa mazungumzo mafupi (matamu, nakiri), kufunga hadithi za Ruby na Belinda, na kumwaga damu ya shujaa. Mwaka mmoja kabla yake alirudishwa Sutekh, adui mwingine wa zamani, kwa kelele zile zile. Kila mwisho wa msimu ukiwa mwisho wa dunia, mtazamaji huanza kuizoea mwisho wa dunia kama anavyozoea honi za daladala.

Na hao wenye jeneza? Wanautaja mwaka 1989. Ni kweli kwamba Desemba 6 mwaka huo sehemu ya mwisho ilionyeshwa, McCoy akatembea na mwenzake kuelekea machweo, na ukafuata ukimya wa zaidi ya miaka 15 uliokatizwa mara moja tu, 1996, kwa filamu ya televisheni iliyotengenezwa kwa ubia na Wamarekani. Angalia lakini jinsi ilivyokuwa: BBC haikutangaza kifo, iliacha tu kuagiza sehemu nyingine. Safari hii, pamoja na kutangaza kuondoka kwa Disney+, ilitangaza pia kwamba Davies ataandika sehemu ya Krismasi ya 2026 na kwamba mipango ya msimu unaofuata itatangazwa baadaye. Sehemu moja kwa zaidi ya miezi 18 ni chakula kidogo, sikatai. Ila mgonjwa anayelishwa kijiko kimoja kimoja hajazikwa. Na filamu ya 1996 ina somo ambalo wenye jeneza hawalitaji: ule ulikuwa ubia wa kwanza na Marekani, ulibeba Daktari mzuri, Paul McGann, na yeye pia akaachwa hewani kwa sababu wenye fedha wa upande wa pili wa bahari hawakuridhika na walichoona. Uhai wa 2005 ulitoka Cardiff, kwa bajeti ya kawaida, na maandishi yaliyoandikwa na mtu aliyejua ana sehemu 13 mkononi.

Kwetu huku jambo hili lina upande mwingine ambao sijaona ukijadiliwa. Ubia ule ulipouza dunia yote kwa Disney+, uliiuza pia sehemu ya dunia ambako Disney+ haikuwepo. Misimu yote miwili ya Daktari aliyezaliwa Kigali ilipita bila huduma hiyo kufunguliwa Kigali, Nairobi wala Dar es Salaam. Sehemu ya kinyozi cha Lagos haikuwa na njia halali ya kumfikia kinyozi wa Kariakoo. Mimi niliiona, na jinsi nilivyoiona haitaandikwa hapa. Zamani haikuwa hivyo. Miaka ya 1960 na 1970 BBC iliuza nakala za filamu za tamthilia hii kwa vituo vya televisheni vya Afrika, zikisafirishwa katika makopo kutoka kituo hadi kituo, huku London yenyewe ikifuta kanda zake ili izitumie upya. Ndiyo maana ile sehemu ya 1966 ambamo Hartnell anajivua gamba kwa mara ya kwanza haipo tena. Kimebaki kipande kifupi tu kilichonusurika kwa sababu kilitumika katika kipindi kingine cha watoto. Na ndiyo maana mwaka 2013 ilitangazwa kwamba mtafutaji wa kumbukumbu, Philip Morris, alikuwa amekuta katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria, makopo yenye sehemu tisa za Troughton zilizodhaniwa zimepotea kabisa. Misimu ya Gatwa imehifadhiwa kwenye seva za kampuni iliyoshajitoa na za shirika linalohesabu pauni. Huku kwetu hakuna kopo hata moja.